Flashi ya bhajan za kina mama, Biashara Street: nyota nne

Wapenzi wa nyimbo za dini, kuna kiduka kichochoroni nyuma ya Biashara Street wanauza vitu vya puja, yaani ibada ya Kihindu, udi, taa za udongo, na pale kaunta wanakujazia bhajan, nyimbo za ibada za Kihindu, kwenye flashi. Nilichukua ya mashairi yaliyotungwa na kina mama tu, mia tano, na sijutii hata shilingi.

Nyingi ni za Mirabai, binti wa kifalme wa Rajasthan, India, karne ya 16, aliolewa ukoo wa Mewar lakini roho yake yote iko kwa Krishna, mungu wa Kihindu, wakweze wakaona anawaaibisha kuimba mbele za watu, na hadithi yasema walimpa sumu akanywa isimdhuru. Sikiliza mwisho wa wimbo, utasikia "Mira ke prabhu Giridhar Nagar", yaani bwana wa Mira ni Giridhar, ndiye Krishna, jina lake Mira kalitia mwenyewe mule ndani kama malenga wetu wanavyojitaja kwenye beti za tamati.

Ila aliyenishika mimi ni Janabai wallahi. Huyu hana ufalme wowote, ni mtumishi wa ndani kwa mshairi Namdev kule Maharashtra, kazi yake kufagia, kuteka maji, kusaga. Mama mwenye duka anajua Kimarathi, akasimamisha spika akanifasiria mstari kwa mstari: Jani kakaa kwenye vichaka vya tulsi, jamaa ya mrehani wetu, kafumua nywele, Mungu mwenyewe anakuja na siagi kiganjani anamsugua kichwa, kisha anammiminia maji, kwa sababu Jani hana mtu mwengine. Mtumishi huyu, ambaye hakuna anayemuoshea hata kikombe! Mimi nimelelewa na nyanya aliyefanya kazi za majumbani, ule wimbo naurudia kila siku nikipika.

Sasa kilichoniudhi, faili zote zimeandikwa Krishna 1, Krishna 2, basi. Wanawake wamejitaja wenyewe ndani ya mashairi yao halafu sisi tunawafuta, si haki, nikamwambia mama wa duka na akakubali atayaandika. Na Andal hayumo kabisa, mwanamke pekee kati ya Alvar 12, watakatifu washairi wa Kitamil, beti zake 30 za Tiruppavai huimbwa kila mwaka Disemba kuingia Januari, atakosaje?

Nendeni asubuhi, mchana foleni ya wanunuzi wa leso inaziba njia. Mwambieni awaanzie na Janabai, na mumuulize maana, anaeleza vizuri sana.