Winchi ya Kushushia Chambo: Mita za Kaunta na Kina cha Kweli

Duka moja la zana za uvuvi hapa Nairobi linauza winchi ya mkono ya kushushia chambo, ambayo wavuvi wa burudani huiita dauniriga, pamoja na waya wa chuma na tufe la risasi la kilo 4.5. Nimeitumia Ziwa Victoria kuwavulia mbuta. Ni zana imara: breki yake haitelezi, mkono wake ni mwepesi kuzungusha, na kibanio kinachoushikilia mshipi kwenye tufe huuachia mara samaki anapokamata, hivyo mvuvi hupambana na samaki pekee bila kuvuta risasi.

Maelezo yaliyomo kwenye boksi, hata hivyo, yanadai kwamba kaunta, yaani kihesabio cha mita kilicho kwenye winchi, huonyesha kina, na hapo ndipo mnunuzi anapopotoshwa. Kaunta huhesabu urefu wa waya uliotoka. Mashua ikisimama, mita 30 za waya ni mita 30 za kina. Ikianza kwenda, maji hulisukuma tufe nyuma, waya hulala, na chambo hupanda. Nguvu hiyo ya maji hukua upesi kuliko mwendo wenyewe, kwa kuwa mwendo ukiongezeka mara 2, nguvu huongezeka takriban mara 4. Waya ulioinama digrii 15 kutoka wima mashua ikienda kilomita 4 kwa saa bado hufikisha tufe karibu mita 29, lakini ukifika digrii 45, tufe huwa kwenye mita 21 tu, ilhali kaunta ingali inasoma 30. Kwa mbuta aliyetulia karibu na sakafu ya ziwa, tofauti hiyo ya mita 9 ni kubwa mno.

Waya wenyewe pia hukamatwa na maji, kwa hiyo ulio mwembamba hulala kidogo. Kwa wanaokwenda Watamu au Shimoni, ambako mikondo ya bahari ina nguvu, ningesisitiza jambo moja zaidi: kinachohesabika ni mwendo wa mashua ndani ya maji. Ukielekea dhidi ya mkondo, jipiesi inaweza kuonyesha mwendo mdogo huku tufe likisukumwa vikali.

Naipendekeza winchi hii kwa anayevua kwa mwendo wa polepole. Anayetaka kwenda kasi zaidi amwombe muuzaji tufe zito kuliko hili, baada ya kuthibitisha kwamba winchi inaweza kulibeba, na apime pembe ya waya kila anapobadilisha mwendo.