Honda Transalp XL600V ya zamani: inafaa barabara za Kusini?

Ukiikagua pikipiki ya Transalp inayouzwa Mtwara, anza na chaji, rangi baadaye. Injini ya cc 583, silinda mbili za V zinazopozwa kwa maji, haifi kirahisi; kinachokufa ni reguleta, kifaa kinachodhibiti chaji ya betri. Weka mita ya volti kwenye betri, injini ikizunguka 5,000 kwa dakika. Volti 13.5 hadi 14.5 ni salama. Ikipita 15 betri inachemka. Ikibaki 12, fungua kwanza soketi ya nyaya tatu za njano zinazoingia kwenye reguleta. Hewa ya chumvi huzitia ukijani, ukinzani ukaongezeka, joto likayeyusha plastiki. Reguleta mpya kwenye soketi iliyoungua ni hela ya kutupa.

Nafasi za vali pima injini ikiwa baridi: 0.15 mm kwa vali za kuingiza, 0.20 kwa za kutolea. Plagi ni nne, siyo mbili; mafundi wengi wa bodaboda husahau.

Ringi ya mbele ya inchi 21 hupita vizuri kwenye mchanga wa kuelekea Newala, na tairi zina tyubu, kwa hiyo pancha huzibwa popote. Tangi la lita 18 linatosha Mtwara–Lindi kwenda na kurudi. Uzito wake, karibu kilo 200, ndio utakaokuchosha mchangani.