Kubadili platini kwenda CDI kwenye Honda CG125 ya zamani

Nina pikipiki CG125 ya marehemu mzee, ile ya voti 6 na platini (vidude vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe cheche), na mi mvua zikianza tu ilikuwa ugomvi, unapiga kiki mpaka goti linauma. Kila baada ya muda nasugua platini na msasa, napima gepu milimita 0.3 mpaka 0.4, wiki mbili nipo palepale. Nikachoka, nikanunua Kariakoo seti ya CDI, yaani mfumo wa kielektroniki wa kuwasha plagi bila platini, inakuja na makneto nzima (gurudumu la sumaku linalozalisha umeme), sahani yenye koili zake, kiboksi cha CDI na koili ya plagi.

Kiukweli kuwaka inawaka! Kiki ya pili asubuhi na baridi, sailensa (injini ikinguruma bila kupigwa resi) imetulia, plagi nikiifungua ina rangi ya kahawia safi, zamani ilikuwa nyeusi kama sufuria ya mkaa. Na hii ni CDI ya AC, umeme wa plagi unatoka kwenye makneto, kwa hiyo hata betri ikifa unafika nyumbani.

Sasa kero. Karatasi ya maelekezo hakuna, rangi za waya hazifanani na za Honda, fundi wangu alikaa na mita nusu siku. Halafu muuzaji hakuniambia kwamba inazalisha voti 12, nikaunguza taa ya mbele usiku uleule, ikabidi ninunue betri, balbu zote, honi na regyuleta (kidhibiti umeme) za voti 12. Pia ukitoa makneto usiigonge na nyundo jamani, tumia pula (kifaa cha kuivutia nje).

Platini za zamani nimezifunga kwenye kitambaa, siuzi.