Spika za bibi kutoka Mji wa Kale hadi Likoni: fundi niliyemlipa 6,500

Mwezi uliopita nilinunua vyombo vya muziki vilivyotumika kwa bibi mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa: spika mbili za inchi 15 zilizofungwa ukutani, amplifaya, na mashine ya santuri, Technics SL-1200MK2, ile iliyoanza kuuzwa 1979. Marehemu mumewe alikuwa akipiga taarabu harusini. Mashine kama hiyo nilishaipoteza zamani. Wabebaji waliisafirisha sahani, ile inayozungusha santuri, ikiwa juu, na mkono wa sindano haukufungwa, ikafika sindano imevunjika na mkono umepinda. Safari hii nikatafuta fundi wa spika mwenye pikapu.

Alichelewa saa nzima, na lilinikera, kwani bibi alikuwa ametungoja na kahawa tangu asubuhi. Lakini alipoanza kazi nilinyamaza. Alimwomba bibi ruhusa awashe, akasikiliza kila spika peke yake. Kisha akazima, akachomoa plagi na kuiacha amplifaya itulie kwanza, maana umeme hubaki ndani hata ukishazima. Kila waya akaufunga karatasi ya rangi yake.

Kazi kubwa ilikuwa ukutani. Nyumba zile ni za mawe na chokaa, na boliti zilikuwa zimeliwa na kutu ya chumvi ya bahari. Nilishika spana nianze kuvuta, akanizuia: "Polepole, ndugu yangu. Ukuta ukibomoka ni wa bibi, si wako." Akazipaka mafuta, tukangoja. Alilegeza boliti za chini kwanza, za juu mwisho, spika ikiwa tayari imeegemea mikono ya watu wawili. Zikashuka zote mbili, na chini palikuwa na vumbi tu.

Kwenye mashine ya santuri alifungua kichwa chenye sindano, akatoa uzito wa nyuma, akaufunga mkono kwenye kishikizo chake kwa uzi laini, ndipo akainua sahani. Sahani ile ina sumaku chini yake, basi aliiviringisha blanketi peke yake, mbali na skrubu. Vidogo vyote vikaingia kopo la biskuti, nikalipakata mimi njia nzima.

Pikapu haiingii vichochoroni. Spika zilipanda mkokoteni hadi barabara ya Ndia Kuu, lakini mashine ya santuri, kilo 12 na ushei, aliikatalia mkokoteni akaibeba kifuani. Ndani ya pikapu alizisimamisha spika zikitazamana, godoro jembamba katikati. Kwenye feri maji yalikuwa yamekupwa na njia ya kupandia imeinama sana, akashuka kukaza kamba upya.

Kasoro zipo. Blanketi alikuja nazo mbili tu, bibi ikabidi atuazime zake. Risiti hana, na hakuna makubaliano ya nani atalipa kitu kikivunjika. Hilo mlizungumze kabla hajagusa skrubu. Hata hivyo kwangu shilingi 6,500 ilikuwa halali yake.

Usiku nilipounganisha, spika moja ikawa kimya. Nikampigia, akaniuliza karatasi ya kijani iko tundu gani. Nikaihamisha, na udi wa Zein l'Abdin, yule gwiji wa taarabu, ukalia pande zote mbili. Blanketi za bibi nimeshazifua, Ijumaa nazirudisha.