Darubini ya inchi nne na nusu uwani kwetu Wete: kioo kizuri, miguu ya nchi nyengine

Boksi limeandikwa kwa herufi za dhahabu: hukuza mara 675. Mimi nafundisha hesabu skuli hapa Wete, kisiwani Pemba, na hata hivyo herufi zile zilinipumbaza siku tatu nzima. Darubini yenyewe ni ya kioo, kipenyo chake milimita 114, yaani inchi nne na nusu, na urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kwenye kioo mpaka pale mwanga unapokutana ukawa picha, ni milimita 900. Ukuzaji hauna siri. Unagawa 900 kwa namba iliyoandikwa ubavuni mwa lenzi ya kutazamia. Lenzi ya milimita 20 inakupa mara 45, ya milimita 4 inakupa mara 225. Halafu wamekutilia na kipande cha plastiki kinachoitwa Barlow, cha kuzidisha mara tatu, na hapo ndipo 675 inapotoka. Hesabu ni sahihi, ila picha haipo. Kioo cha kipenyo hiki kikifika mara 230 hivi kimeshasema chote kilichokuwa nacho. Ukikilazimisha zaidi ya hapo unakuza ukungu. Ile Barlow sasa anachezea mwanangu.

Niliinunua Dar es Salaam katikati ya mwaka 2025, nikavuka nayo baharini nimeipakata kama mtoto mwenye homa. Kwa pesa niliyotoa ningepata mbuzi wawili wa Idi na wa tatu ningemlipia nusu. Nayasema haya ili ijulikane kwamba nikiisifu najua nilichotoa, na nikiilaumu ndiyo zaidi.

Lawama yangu kubwa ni stendi. Aina hii ya stendi huitwa ya kiikweta, na kichekesho ni kwamba hapa kwetu, nyuzi 5 tu kusini ya ikweta, ndipo isipotaka kufanya kazi. Ina mhimili mmoja ambao lazima uulekeze kwenye ncha ya mbingu, pale ambapo nyota zote huonekana kuzunguka, na mwinamo wa mhimili huo ni sawa na latitudo ya ulipo. Aliyeko Ulaya anauinua nyuzi 50 na mambo yanakwenda. Mimi wa Wete natakiwa niulaze karibu sawa na ardhi. Nikiulaza, lile gongo lenye uzito wa kusawazisha linagonga miguu ya stendi, na darubini nzima inataka kwenda kifudifudi. Kijitabu nacho kinaniambia kwa upole nianze kwa kuitafuta Nyota ya Kaskazini. Nyota hiyo kwetu haichomozi. Iko chini ya upeo wa macho usiku na mchana, huko nyuma ya Ras Kigomasha na bahari yake, na hata upande minazi huioni. Ncha ya kusini ndiyo tunayo, imekaa chini chini juu ya mapaa ya watu, na penyewe hapana nyota ya maana ya kukuongoza.

Wiki mbili nilihangaika na skrubu zile. Baba watoto alikuwa anapita na kikombe chake cha chai, ananitazama, anapita tena.

Aliyeniokoa ni fundi seremala wa mtaani. Nilimwonesha kwenye simu picha ya stendi ya Dobson. John Dobson alikuwa mtawa kule San Francisco, na darubini zake alizifanya kwa vitu vilivyotupwa: vioo alivisugua kutokana na vioo vya madirisha ya meli, masanduku ni ya mbao za plaiwudi. Hakuna mhimili wa kulaza wala nyota ya kutafuta. Darubini inapanda na kushuka, inazunguka kushoto na kulia, basi. Fundi aliitazama picha mara moja akasema, "Mwalimu, hiki ni kiti cha mzinga." Na kweli, ndivyo mizinga ya vitani ilivyokuwa ikikaa. Alichonga sanduku, akatia maduara mawili ya mbao ubavuni, na penye kusuguana akabandika vipande alivyovikata kwenye dumu la mafuta ya kupikia. Darubini inateleza kama imepakwa samli na ukiiacha inakaa pale pale. Kazi ya siku mbili. Anayefikiria kununua darubini kwa ajili ya Pemba au Unguja, nasaha yangu ya kwanza ni hiyo: nunua iliyokuja na stendi ya namna hii, ya kiikweta waachie wenye Nyota yao ya Kaskazini.

Sasa, habari ya mbalamwezi. Wajuzi wa nyota watakwambia mwezi ukishakuwa mkubwa funika darubini yako ukalale. Wana hoja. Mwanga unafuta vitu hafifu vyote, Njia Nyeupe inapotea kama chumvi majini, na yale mawingu ya nyota ya mbali usijisumbue kuyatafuta. Lakini mimi sinunui kitu cha nyumba nikakitazama peke yangu, na watu wa nyumba hii wanakaa nje usiku wa mbalamwezi. Msimu wa karafuu ndio kabisa. Jioni magunia yanamwagwa kwenye majamvi uwani, tunakaa duara, tunachambua: unashika kishada, unakisukuma kwenye kiganja, karafuu huku, makonyo kule. Jirani yetu mvuvi wa dagaa naye hupatikana siku hizo tu. Usiku wa giza yuko dago, anavua kwa taa. Mwezi ukiwaka taa yake haina nguvu, dagaa hawaifuati, basi anabaki nyumbani akitafuta pa kupigia soga. Kwa hiyo watazamaji wangu wote huja na mwezi na huondoka na mwezi.

Nilichojifunza nao ni kwamba usiku mbaya kuliko wote wa kuutazama mwezi ni ule wa kumi na nne. Jua linaupiga usoni, kivuli hakuna hata kimoja, unaona chapati nyeupe yenye madoa. Njoo mwezi ukiwa na siku saba, nane, tisa, kumi. Hapo pana mpaka kati ya nuru na giza, na kwenye mpaka huo kila jiwe lina kivuli kirefu. Mwezi wa tarehe hizo jua likitua unakuwa uko juu tayari, kwa hiyo hata watoto wanautazama kabla ya isha wakalale.

Wa kwanza kumweka pale alikuwa mama mkwe. Nilitia lenzi ya milimita 20, nikalenga, nikamwekea kigoda. Aliinama, akashika mtandio usimwangukie, akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani haoni kitu.

"Mbona una ndui?"

Tulicheka sote, lakini sijasikia mtu akiusema mwezi vizuri zaidi ya hivyo. Nikamwonesha Clavius upande wa kusini, shimo la zaidi ya kilomita 200 ambalo ndani yake mna vishimo vyengine vimejipanga upinde kama punje za tasbihi. Nikamwonesha Tycho. Hilo lina upana wa kilomita 85 hivi. Pemba yote, kuanzia Kigomasha mpaka kusini mwisho, ni kilomita 67, inaingia na nafasi inabaki. Akaniuliza aliyepima ni nani. Mama mkwe haridhiki na jibu jepesi, nikalazimika kumweleza habari ya kivuli na pembe mpaka karafuu za jamvi zima zikaisha.

Hapo ndipo niligundua aibu moja ndogo. Mkono unaochambua karafuu una mafuta, na kila aliyesogea aliishika lenzi apate kuona vizuri. Saa nne usiku mwezi ulikuwa umeingia ukungu. Nikadhani umande, kumbe alama za vidole vya ukoo mzima, na lenzi inanukia kama pilau. Tangu siku hiyo pana ndoo ya maji na sabuni kando ya darubini. Asiyenawa hatazami.

Mwanga wa mwezi mpevu haudhuru jicho, ila unachoma, na ukitoka hapo unapepesuka huoni ngazi. Dawa yake iko kwenye kifuniko cha mdomo wa darubini: pana kitundu kidogo chenye kizibo chake. Acha kifuniko, toa kizibo tu. Kijitabu hakikusema, na mimi nilikaa mwezi mzima najiuliza kitundu kile cha nini. (Jua ni habari nyengine kabisa. Darubini hii isilengwe juani hata kwa mzaha, na mchana mimi naifungia kabatini kwa sababu ya watoto.)

Usiku niliolipwa mbuzi wangu wote wawili na nusu ni wa Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025, mwezi mpevu wa Mfungo Sita, maulidi bado yako midomoni mwa watu. Mwezi ulipatwa, na sisi tulikuwa upande wa dunia ulioona kila kitu. Kivuli kilianza kuuma saa 1:27 usiku. Wanaume walikwenda msikitini kusali sala ya kupatwa, wakirudi tayari umeshaliwa. Kuanzia saa 2:30 mpaka saa 3:52 ulikuwa ndani ya kivuli chote, rangi ya shaba iliyosahauliwa jikoni, na uwani ambako dakika chache nyuma tulikuwa tunachambua bila taa, sasa hatuonani. Kile kilichokuwa chapati kikawa tufe. Wallahi unaona kabisa kwamba ni kitu cha mviringo kimening'inia. Na nyota zikarudi, Njia Nyeupe ikarudi juu ya mwembe kama mtu aliyefungua pazia. Jirani yangu mvuvi akaangalia juu, akaangalia upande wa bahari, akasema kwa uchungu wa kweli, "Lau ningejua, leo ningetoka."

Saa tano usiku mwezi ulipomaliza kujitoa kivulini nikageuzia darubini Zohali, ile sayari yenye pete, iliyokuwa chini yake upana wa ngumi na kidogo. Kwa kazi hii nina lenzi ya milimita 10 niliyoinunua peke yake, mara 90, na ni bora mara mia kuliko ile ya milimita 4 iliyokuja na boksi, ambayo tundu lake ni la kupitisha uzi. Nilikuwa nimeshawaahidi watu pete. Kilichoonekana ni kitufe cha manjano kilichochomwa sindano, mstari mmoja mwembamba huku na huku. Nilitahayari. Nikafikiri vioo vimekaa vibaya. Kumbe mwaka ule pete zilikuwa zimetugeuzia ubavu, jambo linalotokea kila miaka 15 hivi, na ni nyembamba mno hata hazionekani ila kwa shida. Darubini haikuwa na kosa. Tena usiku huo huo, mwezi umeshawaka tena kwa nguvu zote, nyota pacha ya Albireo upande wa kaskazini ilionekana safi, moja ya dhahabu na moja ya buluu. Mwanga wa mwezi haukuigusa.

Mengine kwa haraka. Kijidarubini cha kulengea ni takataka; mwezi unaupata bila yake, nyota utalia. Mapema usiku picha inachemka kwa joto la mabati, subiri mpaka saa nne usiku. Kusi likivuma sana usiitoe. Picha inakuja juu chini, isipokuwa kwa ile lenzi ya milimita 20 inayoinyoosha, na michoro ya vitabuni haikusaidii sana kwa sababu mwezi wetu hulala chali kama ngalawa wakati wa vitabuni umesimama.

Unyevu ndio adui wa kweli. Vioo hivi vimepakwa tabaka jembamba la aluminiamu, na hewa ya chumvi hailipendi. Mimi naifunika pande zote mbili na ndani naweka vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Skuli nzima wananikusanyia. Hata hivyo mwezi uliopita nilifungua nikakuta sisimizi wamehamia na mayai yao.

Kioo nakipa tisa kwa kumi. Lenzi zilizokuja nazo, nne. Stendi haipati kitu kwangu, ila mama mkwe anaisifu: ameichukua ile miguu mitatu ya chuma akaisimamisha karibu na mlango wa jikoni, akaweka juu yake beseni la kunawia.