Kusasisha Jitsi na geti lake la simu: jaribu na watu watatu, kisha piga simu

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo tunaichambua Jitsi Meet, programu ya mikutano ya video unayoiweka kwenye seva yako mwenyewe, na hasa Jigasi, geti linalounganisha mkutano wa video na laini za simu za SIP, yaani simu zinazopita kwenye intaneti.

Naipenda sana Jigasi. Mtu aliye kijijini na kitochi chake, bila bando, anapiga namba na anaingia mkutanoni. Sasa geti likizimika baada ya sasisho, huyo ndiye anayefungiwa nje, na wenye kompyuta wanaendelea kuongea bila kujua. Ndiyo maana nasisitiza leo tujaribu geti lenyewe, siyo ukurasa wa mkutano tu.

Tuanze na mfumo endeshi wa seva. Maelekezo rasmi yanataka Debian 11 au Ubuntu 22.04 kwenda mbele, pamoja na OpenJDK 17, yaani Java inayoendesha sehemu za Jitsi. Kama seva yako bado iko nyuma ya hapo, shughulikia hilo kwanza. Kisha nakili folda mbili: /etc/jitsi na /etc/prosody, hii ya pili ni ya Prosody, seva ya ujumbe ambayo Jitsi inaitegemea. Tafadhali, nakala hizo usiziache ovyo. Kwenye faili la Jigasi, nenosiri la laini yako ya SIP limeandikwa kwa base64, namna tu ya kugeuza maandishi kuwa herufi nyingine, na hiyo haifichi kitu, yeyote anaifungua mara moja. Siku ukibadilisha nenosiri, nalo liandike kwa base64 vilevile, la sivyo laini haitajisajili na utahangaika kumlaumu mtoa huduma bure.

Haya, tunaendesha apt, amri ya kusasisha programu. Kama uliwahi kuhariri prosody.cfg.lua, hapa huenda ikasimama na kukuuliza: uweke faili jipya au ubaki na lako? Jibu N, baki na lako. Jipya litahifadhiwa pembeni likiwa na mkia wa .dpkg-dist. Baadaye yafungue yote mawili uyalinganishe, maana huenda kuna mstari mpya unaouhitaji.

Imemaliza, huduma zote zinaonyesha kijani. Hapa ndipo wengi wanafunga kompyuta. Ngoja kwanza! Mkiwa wawili, Jitsi kwa kawaida inawaunganisha moja kwa moja, kivinjari kwa kivinjari. Akiingia wa tatu, sauti na picha zinahamia kwenye daraja la video, yaani Jitsi Videobridge, kupitia poti ya UDP 10000, yaani mlango wa mtandao kwenye seva. Kwa hiyo ukijaribu na mwenzako mmoja, kila kitu kitaonekana safi hata kama daraja limekufa. Mwite wa tatu. Picha zikipotea pale pale, kagua faiwoli kwenye poti hiyo, halafu anwani ya NAT, yaani anwani ya nje ya seva iliyo nyuma ya ruta. Zamani anwani hiyo iliwekwa kwenye sip-communicator.properties ya daraja. Siku hizi mahali pake ni jvb.conf, na ukitoka toleo la zamani sana ndipo unapokwama.

Mwisho, piga simu, tena kwa simu halisi. Ukisikika wewe lakini huwasikii wao, au kinyume chake, usajili wa SIP uko sawa. Sauti ndiyo imezuiwa njiani. Kwa wanaoendesha Jitsi ndani ya makasha ya Docker, Jigasi kwa kawaida inatumia poti za UDP 20000 hadi 20050, zifungue. Simu isipoingia kabisa, soma /var/log/jitsi/jigasi.log huku unapiga, utaona pale pale kama usajili umekataliwa.

Hukumu yangu: Jitsi yenyewe inasasishika vizuri na ningeipendekeza kwa shule, kanisa, msikiti au ofisi ndogo yenye fundi wake. Geti la simu linadai uangalizi zaidi, mipangilio yake haimsaidii mgeni. Kama kesho asubuhi una kikao chenye watu wa kupiga simu, usiguse kitu usiku huu. Subiri kikao kiishe, chukua nakala, ndipo uanze.