Warfarini na rivaroksabani: nimemeza zote mbili

Bonge la damu lilikutwa kwenye pafu langu baada ya safari ndefu ya basi kutoka Dar. Nilianza na sindano za tumboni, kisha warfarini, kidonge cha kuzuia damu isigande. Bei yake nafuu, ila inakutawala: kupimwa damu kila mara, INR, yaani kipimo cha kasi ya damu kuganda, ibaki kati ya 2 na 3, na kisamvu cha mawese, mimi mtu wa Ujiji, nile kwa kiasi kilekile kila wiki, maana majani yake hupunguza nguvu ya dawa! Maabara niliyoitegemea iliishiwa vitendanishi mara mbili. Daktari akanihamishia rivaroksabani, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo, sasa miligramu 20 mara moja kwa siku, pamoja na chakula. Habari za INR zimekwisha. Mfuko ndio unaolia. Fizi zilinitoka damu kwa zote mbili. Nimebaki na hii ya pili. Kisamvu kimerudi mezani.